Uongozi ni Amana: Mafunzo Kutoka Kiwanja cha Nyaramba

Somo letu la leo ni juu ya uongozi. Likitajwa neno hili, wengi wetu fikira zetu huwaendea wabunge, makadhi na wenyeviti wa jumuiya. Sisi twataka kumpeleka msomaji mahali pa chini kuliko hapo, kwenye kiwanja cha mpira cha watoto, ambako mtu huongoza bila ya mshahara wala cheo.

Nyaramba ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Nyamira, kwenye milima ya Wagusii, nchi ya chai, ndizi na mvua nyingi. Tulikaa huko kwa ajili ya biashara, na wazazi wa jirani wakatuomba tuwasimamie watoto wao katika mpira nyakati za jioni. Hatukuwa mafundi wa mchezo huo. Tulikubali kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Nchi ile ina jina kubwa katika michezo. Nyantika Maiyoro, Mgusii, alikuwa katika timu ya kwanza ya Kenya kwenye Michezo ya Olimpiki, Melbourne mwaka 1956. Na Naftali Temu, Mgusii pia, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968. Basi tuliingia kiwanjani tukiwaza ushindi. Watoto walitufundisha kwamba tulianza upande usio wake.

Funzo la kwanza: mjue unayemwongoza kabla ya kumhukumu. Tuliweka sheria kwamba atakayechelewa hachezi. Kijana mmoja alichelewa mara tatu, nasi tukamweka nje mbele ya wenzake, tukidhani kwamba huo ndio uthabiti. Hakujitetea. Siku ya nne tulimwita pembeni tukamwuliza, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, lori lilichelewa. Singeweza kuyaacha majani ya mama." Ndipo tulipofahamu. Chai huchumwa mchana kutwa, kisha hupelekwa kituoni ikapimwe, na mwenye majani hana budi kungoja lori la kiwanda hata likichelewa. Tulikuwa tumemwadhibu mtoto kwa kumtii mamake! Tulimwomba radhi mbele ya wale wale tuliomfedhehesha mbele yao. Twakiri kwamba ilikuwa nzito kwetu. Lakini tangu siku ile watoto walizidi kutusikiliza, wala hawakutudharau kama tulivyoogopa. Sheria ni lazima iwepo. Bali anayeisimamia bila ya kuuliza huifanya kuwa dhulma.

Funzo la pili: kiongozi ni wa wote. Moyo wa mwalimu humwelekea mtoto hodari, kwa kuwa ndiye ampaye sifa. Na mtoto dhaifu huliona jambo hilo upesi kuliko mwalimu mwenyewe. Katika Hadithi imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akajitia katika kundi moja. Kundi la pili likazuia mikono yake, kwani watatupaje na hali yeye yuko upande wa wenzao? Akawaambia watupe, kwa maana yeye yu pamoja nao wote. Imepokewa pia kwamba aliposhindanisha farasi, wale waliozoezwa aliwapa masafa marefu, na wale wasiozoezwa akawapa masafa mafupi. Fikiri, ndugu msomaji: hakuwaondoa wasioweza, wala hakuwabebesha mzigo wa walioweza. Nasi tukaacha kuuliza ni nani bora katika kundi, tukawa twamwuliza kila mmoja ameongeza nini juu ya wiki iliyopita.

Funzo la tatu: kiongozi mwema hujifunza, kisha huacha wa kushika mahali pake. Twendeni kidogo nje ya Nyamira. Mwaka 1976 alifika Iten, katika Bonde la Ufa, mtawa wa Kiayalandi, Colm O'Connell, kuja kusomesha skuli. Hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Aliwatazama wanafunzi wakikimbia, akajifunza kutoka kwao, na katika aliowalea wakatoka Peter Rono, mshindi wa mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, mshindi wa mita 800 mjini London mwaka 2012. Na huko Mathare, Nairobi, mwaka 1987 ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana ambayo timu zake zilipata pointi za ligi si kwa mabao tu, bali pia kwa kusafisha mitaa yao. Humo vijana wenyewe ndio waliokuwa waalimu na marefa wa wadogo zao. Hivyo mwanafunzi wa jana alikuwa mwalimu wa leo.

Sisi hilo tulilifahamu tumechelewa. Biashara ilipotuita kurudi Pwani, tulishituka kuona kwamba hatujamwandaa mtu. Miezi mitatu ya mwisho tuliwaachia kipyenga vijana wawili wakubwa, nasi tukakaa kando. Mmoja wao alikuwa yule wa majani ya chai. Jambo lake la kwanza lilikuwa kusogeza mbele saa ya mazoezi, yaanze baada ya lori kuondoka. Sisi, pamoja na umri wetu, halikutupitikia.

Sasa tugeuze uso tutazame miji yetu. Kila mwenye macho anaijua khasara ya dawa za kulevya hapa Pwani, na nyumba ngapi zimelia. Na bado twawasikia baadhi ya wazee wakisema kwamba mpira ni upuuzi, na anayewasimamia watoto apoteza wakati wake. Twawauliza kwa heshima: baina ya alasiri na magharibi, mwanao yuko wapi, na ni nani aliye pamoja naye? Ikiwa hatujui jibu, basi yuko mwengine anayemwongoza, naye hakutuomba ruhusa.

Twaomba kila mtaa utoe mtu mmoja mwaminifu, saa mbili kwa wiki. Si lazima awe fundi. Awajue watoto kwa majina na kwa nyumba zao, awe wa wote, akikosea akiri, na tangu siku ya kwanza amtafute atakayemwachia kipyenga. Amana hii itaulizwa, na tutakaoulizwa ni sisi.