Chumvi na Mchele Ulioharibika

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mama huchagua samaki kwa macho na kwa pua. Sambaza mbichi akiachwa katika joto tangu asubuhi mpaka jioni hunuka, naye hutupwa. Lakini makayabo, yule samaki wa chumvi, ametoka mbali sana na bado ni mzima. Sababu yake nini? Chumvi huvuta maji yaliyomo ndani ya nyama, na pasipo maji uozo hauna nguvu. Ila chumvi ikikaa katika mfuko wake kando ya samaki haifai kitu. Sharti iingie ndani. Bwana wetu Yezu Kristu alikaa na wavuvi, akayajua mambo hayo, ndiyo maana aliwaita wafuasi wake chumvi ya dunia.

Wako wakristu wanaofikiri kwamba neno hilo ni la mapadri tu. Watu wa Bukavu wanamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewatetea wenyeji na wakimbizi pia, akauawa pale Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Wanamheshimu tena Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Mtoto aweza kusema moyoni mwake: «Hao walikuwa askofu na sista. Mimi nitakuwa karani.» Vema, tusome basi habari za karani.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Goma na Bukavu ni miji ya ziwa moja, mmoja kaskazini, mmoja kusini, na mashua huenda na kurudi kati yake. Alisoma sheria. Alipokuwa mwanafunzi aliingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na vijana wa shule; hao husali pamoja na kufanya urafiki na maskini. Marafiki wa Floribert walikuwa maibobo, watoto wanaolala barabarani. Wengi huwafukuza kama mbuzi walioingia shambani. Yeye alikaa nao, akawasaidia kusoma katika Shule ya Amani.

Baadaye alipata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuangalia vyakula vinavyovuka mpaka. Chakula kizima hupewa karatasi, kikapita; chakula kilichooza huharibiwa, kisiuzwe. Ni kazi ya meza, kalamu na muhuri. Mtu akiiona kwa mbali hadhani kwamba pana jambo la dini hapo.

Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Ni lazima kufahamu ubaya wa mchele wa namna hiyo. Nafaka ikipata unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu inayodhuru ini. Mama ataosha mchele mara tatu, ataupika mpaka uive kabisa, lakini sumu haiishi kwa moto wa jiko. Na ni nani anayenunua mchele wa bei ndogo? Tajiri huchagua, maskini huchukua kile fedha zake zinachoweza. Floribert alijua ni watoto gani watakaoukuta mchele ule katika sahani zao.

Wenye mchele walimpa fedha ili aupitishe. Akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Alimweleza sista mmoja, daktari, rafiki yake, mambo hayo yote. Aliona kwamba fedha ile itakwisha upesi. Na watu watakaokula, watapatwa na nini? Tena alijiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristu, ama sivyo.

Tarehe 7 Julai 2007 watu walimteka mjini Goma. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, nayo ilikuwa na alama za mateso. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha vijana kwamba Floribert angaliweza kufumba macho, na hakuna ambaye angalijua. Ni kweli. Na watu husema tena: «Nisipopokea mimi, atapokea mwingine, na mchele utapita kwa njia nyingine.» Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, kwa hiyo linawadanganya wengi, hata watu wazima wanaokuja Misa kila Dominika. Floribert hakuweza kusafisha mpaka wote. Alikuwa na karatasi moja mbele yake, na jina lake la kuandika chini.

Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Sikukuu yake ni tarehe 8 Julai. Kanisa lilikubali kwamba alikufa kwa sababu ya imani, ingawa waliomwua hawakutaka habari za Mungu, walitaka mchele upite.

Turudi Kadutu. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza unga anajua kwamba sokoni kuna makopo ya namna mbili. Moja ni zima. La pili limebonyezwa chini, lipate kuchukua unga kidogo, na mnunuzi mwenye haraka haoni. Mtoto huyo atakua, na siku moja atapewa meza, kalamu na muhuri.

Maulizo. Chumvi inazuiaje samaki asioze? Kwa nini mchele wenye kuvu hautengenezwi kwa kupikwa? Floribert alikuwa na kazi gani? Kopo la kupimia nyumbani kwenu ni la namna gani?