Somo la Maji: Haki ya Aliye Juu ya Mto

Mtu wa Pumwani au Kaloleni afunguapo bomba alfajiri apate kutawadha, aghlabu hafikiri maji yale yametoka wapi. Basi na tuyafuate. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo limejengwa katika Mto Thika, ushukao kutoka milima ya Nyandarua na kuingia Mto Tana. Na Tana humwaga maji yake baharini Kipini, kwetu pwani. Kwa hiyo khabari hii si ya watu wa bara peke yao.

Mvua inyeshapo penye miti, majani huipunguzia nguvu, na mizizi huifungulia njia ya kuingia ardhini. Kisha maji hutoka kidogo kidogo katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Lakini mteremko ukilimwa pasipo miti wala matuta, maji hukimbia na udongo, nao udongo hujaza bwawa. Hapo khasara ni mbili: mkulima amepoteza rutuba, na mtu wa mjini amepoteza maji.

Dawa ni nini? Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenziwe walipanda miti saba Kamukunji, jirani na Pumwani. Hapo ndipo ilipoanza Green Belt Movement, iliyowafunza wanawake wa mashamba kuotesha miche, na kuwapa ujira mdogo kwa kila mche ulioshika. Tazameni hekima yake: ujira haukuwa wa kupanda, bali wa kutunza. Na mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa juu kupanda miti, kuchimba matuta, na kuotesha majani kingoni mwake. Majani yale huzuia udongo, na tena hulisha ng'ombe. Mkulima akapata maziwa, na mji ukapata maji.

Basi tusimwambie maskini, "Usikate mti," kisha tukamwacha na njaa yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mti alao mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwa aliyeupanda. Sisi tunywao maji ya mti huo, je, tumempa nini aliyeutunza?