Shindano la Zawadi: Je, Unastahili Kushiriki?
Mwishoni mwa tangazo la redio husomwa mbiombio maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Humo ndimo haki yako ilimo. Shindano lililotengwa kwa wakazi wa Mbeya halimpi zawadi mkazi wa Tanga, hata akituma kuponi mia. Twakushauri uyasome masharti kwa maandishi: mkoa, umri, tarehe ya mwisho. Ukiwa na shaka, iulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania iwapo waandaaji wana kibali.

Ukipigiwa simu kwamba umeshinda shindano ambalo hukushiriki, kisha ukadaiwa “ada ya kutoa zawadi”, huyo ni tapeli, hata akilijua jina lako kamili. Usimtajie namba yako ya siri. Kata simu, kisha itume namba yake kwenda 15040.