Jua Haki Zako: Bei ya Kipande Hupatikanaje?

Mwenye vipande katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Umoja uliofunguliwa Tanzania mwaka 2005, aghalabu huisoma bei ya kipande kama asomaye habari za mvua, akidhani kuwa haina wa kuulizwa. Ilhali bei hiyo ni zao la hesabu, na hesabu hiyo ni haki yake kuijua.

Meneja wa mfuko hujumlisha thamani ya mali yote, yaani hisa kwa bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, hatifungani za serikali pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizika ijapokuwa siku ya kulipwa haijawadia, na fedha zilizomo benki. Kisha huondoa madeni, ukiwamo ujira wake mwenyewe, na baki huigawanya kwa idadi ya vipande vilivyomo mikononi mwa watu. Tuseme mali ni shilingi milioni 520, madeni milioni 20, na vipande milioni 1: thamani halisi ya kipande ni shilingi 500. Walakini mwenye kuuza huenda asizipokee zote, maana baadhi ya mifuko hutoza ada ya kutoka. Ikiwa ni asilimia 1 atapata 495, na ada hiyo sharti iwe imetajwa katika waraka wa toleo, ambao mnunuzi ana haki ya kuusoma kabla hajatoa hata senti.

Wingi wa wanunuzi haupandishi bei hii, kwa kuwa kila fedha mpya huingia pamoja na vipande vyake. Wala kipande cha bei ndogo si rahisi kuliko cha bei kubwa: mali ikikua kwa asilimia 10, shilingi 100,000 huwa 110,000, viwe vipande elfu au mia. Na gawio likitolewa bei hushuka, jambo ambalo wengi hulilalamikia bure.

Ukishuku malipo yako, mwandikie meneja umtake akutajie tarehe ya ombi lako, bei iliyotumika, idadi ya vipande na ada iliyokatwa. Asipokuridhisha, peleka barua hiyo, pamoja na jibu lake kama lipo, kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo ndiyo yenye kuisimamia mifuko hii.