Kufuatilia Moshi wa Moto wa Kiangazi kwa Picha za Setilaiti

Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, moto huwaka katika misitu ya miombo na savana za Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania. Sehemu kubwa huwashwa na watu: kusafisha mashamba, kuotesha malisho mapya, kuwinda na kurina asali. Moshi husafiri mamia ya kilomita, na chembe zake huingia mapafuni mwa watu wasiouona moto wenyewe. Ndiyo maana hufuatiliwa kutoka angani.

Setilaiti hutambuaje?

(a) Moto: Kihisi cha VIIRS kwenye setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, hupima joto la ardhi kwa vipande vya mita 375. Kipande chenye joto lisilo la kawaida huwekewa nukta nyekundu kwenye ramani.

(b) Moshi: Huonekana katika picha ya rangi halisi, ambayo huhitaji mwanga wa jua. Setilaiti hiyo hupita mnamo saa 7:30 mchana.

Hatua za kusoma picha

1. Tafuta nukta nyekundu. Hapo ndipo chanzo.
2. Tofautisha moshi na wingu. Moshi ni wa kijivu au buluu hafifu, na mara nyingi ardhi huonekana chini yake. Wingu zito ni jeupe na huificha ardhi.
3. Soma mwelekeo. Mkia wa moshi ni mwembamba kwenye chanzo, hupanuka unakoelekea.
4. Linganisha picha za siku zinazofuatana.

Angalia usikosee

Nukta si kipimo cha eneo lililoungua. Huonesha tu kwamba ndani ya kipande hicho kuna moto. Vilevile, pasipo na nukta usiseme hapana moto. Huenda wingu limeziba, au moto ulizimika kabla setilaiti haijapita.

Swali: Katika picha ya Angola, mkia wa moshi ni mwembamba upande wa mashariki na umepanuka magharibi, juu ya Bahari ya Atlantiki. Taja upepo unaovuma, na utoe sababu. (Alama 2)

Jibu: Ni upepo wa mashariki (alama 1), kwa kuwa upepo huitwa kwa jina la upande unakotoka, na moshi umetoka mashariki (alama 1). Ukijibu "upepo wa magharibi", umetaja unakokwenda, nawe utakosa alama.