Kulifufua Boma Lililomezwa na Magugu

Yako maboma mengi katika nchi ya Kenya ambayo wenyewe walikwenda kufanya kazi mbali, wakayaacha mikononi mwa mlinzi, au mikononi mwa mzee asiyekuwa tena na nguvu za kushika jembe. Miaka kumi ikipita, mwenyewe hurudi na fedha zake za kustaafu, akakuta njia ya kwenda mlangoni imeziba, ua umekuwa kichaka, na chini ya mparachichi alioupanda baba yake hapapitiki. Mara nyingi jambo la kwanza alifanyalo ni kuwaita vijana kumi wenye mapanga, au kukodi trekta, ili mahali pote pawe peupe kwa siku moja. Jioni hiyo hufurahi sana. Lakini mvua zikinyesha, hayapiti majuma mengi ila zile fedha zimefunikwa na kijani kibichi, tena kizito kuliko kile cha kwanza.

Basi twataka kueleza kwa nini huwa hivyo, na jinsi mtu mwenye fedha kidogo na mikono miwili awezavyo kulirudisha boma lake pasipo kulima mahali pale pale mara tano.

Magugu yatishayo macho siyo yatesayo zaidi. Kishona nguo, kwa mfano, hufika kiunoni na kuzijaza nguo mbegu zake, lakini mzizi wake ni mfupi, nao hufa mmea ukishazaa. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu elfu kadhaa; kwa hiyo hesabu yake ni rahisi: ukifyekwa kabla ya kuchanua, umekwisha; ukifyekwa baada ya kukomaa, umesaidiwa kupanda. Adui wa kweli ni yule mfupi mwenye ghala chini ya ardhi, naye ana majina mawili: sangari na ndago.

Sangari ni nyasi itambaayo chini ya udongo kwa mashina meupe, membamba, yenye vifundo, na kila kifundo chaweza kuwa mmea kamili. Jembe bapa likilikata shina moja vipande ishirini, mwenye shamba ameongeza adui zake. Trekta lenye visahani ni vivyo hivyo, ila lenyewe hueneza vipande hivyo toka pembe moja ya boma hata pembe ya pili. Ndago nayo ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga katika uzi. Ukiling'oa jani, uzi hukatika, na viazi vilivyokuwa vimelala huamka. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, wakaiweka ndago mahali pa kwanza. Mkulima yeyote aliyepigana nayo hatashangaa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, chukua jembe la meno ukachimbe mashimo madogo mahali sita au saba katika boma lako, kila shimo lenye kina cha shubiri moja. Uyatazame uyaonayo chini, si juu. Palipo na mbegu za kishona nguo tu, panga na matandazo yatatosha. Palipo na mashina meupe au shanga nyeusi, hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo pa kuwekea fedha.

Yafaa kuelewa jambo moja: jani ndilo jiko, na shina la chini ndilo ghala. Ghala hujazwa na jiko. Ukifyeka mara moja, mmea hutoa akiba kidogo ghalani, ukachipua jani jipya, na jani likikomaa hurudisha deni. Lakini ukiliondoa kila jani jipya kabla halijakomaa, yaani kila baada ya siku kumi au kumi na nne, ghala hutoa tu wala halipokei. Hakuna mtu awezaye kufanya hivyo katika eka nzima. Katika kipande kidogo yawezekana kabisa. Ndiyo maana twasema: chagua kipande, kwanza kile kilicho karibu na nyumba na njia, ukimalize na kukifunika, ndipo uende kwenye kingine. Kwingine kote fyeka tu, magugu yasizae mbegu.

Majira ya kuchimba ni muhimu. Katika nyanda za juu watu wengi hupenda mwezi wa Julai kwa kuwa mvua za masika zimekwisha. Lakini Julai huko ni baridi na ukungu, na sangari iliyolazwa juu ya udongo hukaa mbichi. Januari na Februari ni bora, kwa maana jua ni kali na mvua bado. Inua udongo kwa jembe la meno, uutikise, uvute mashina yakiwa marefu yawezavyo, uyatandaze juani hata yakipindwa yavunjike kwa sauti. Yakiwa mabichi yasitiwe katika shimo la mbolea hata kidogo. Viazi vya ndago pia huuawa na ukavu, navyo vingi havikai chini sana. Geuza udongo, uviache juani siku kadhaa, kisha ugeuze tena.

Udongo uliosafishwa ukiachwa tupu, kazi imepotea. Ndago haipendi kivuli. Basi uipe kivuli. Marando ya viazi vitamu yapandwe karibu karibu mvua zinapoanza, au fiwi, au maboga. Sisi twapendelea viazi vitamu, kwa sababu siku ya kuvichimba udongo hugeuzwa tena, na sangari iliyojificha huonekana, na huku watoto wanakula.

Mahali penye mteremko pana hatari nyingine. Usifyeke toka juu hata chini kabla ya mvua, maana magugu hayo mabaya ndiyo yaliyokuwa yakiushika udongo wa baba yako. Safisha mkanda mmoja wa kukingama na mteremko, uuache mkanda wa chini yake na nyasi zake, mpaka ule wa juu umefunikwa na mimea mipya. Watu wa Machakos wanayajua sana matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu. Kazi ya kusafisha boma ni wakati mzuri wa kuyachimba.

Lantana yenye maua mazuri, iliyoletwa toka Amerika ili iwe pambo na ua, isifyekwe tu, kwani huchipua toka kisiki. Ing'olewe pamoja na kisiki chake. Ng'ombe akiila ini lake huharibika, na ngozi yake huweza kubambuka juani. Kwa hiyo matawi yaliyokatwa yasitupwe malishoni.

Miti ya matunda ya zamani haitaki haraka. Mizizi myembamba ya mparachichi iko karibu na uso wa ardhi. Usichimbe chini yake kwa jembe, bali ng'oa kwa mkono, kisha tandaza majani makavu unene wa upana wa kiganja, ukiacha nafasi kulizunguka shina lisioze. Kata matawi yaliyokufa kwanza, ungoje msimu mmoja uone mti wasema nini.

Wako watakaouliza habari za dawa. Glaifosati husafiri toka jani hata shina la chini, lakini jani liwe kijani na lenye kukua; kunyunyizia wakati wa ukame ni kutupa fedha. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, basi atakayeitumia ajifunike vizuri na kuwaweka watoto mbali. Parakwati huunguza majani ya juu tu, ghala likabaki, na mtu akiimeza haina dawa ya kuitangua. Kwa kazi hii hatuoni sababu ya kuiingiza nyumbani.

Tena si kila kiotacho chenyewe ni cha kung'olewa. Mchicha, mnavu na mgagani huja vyenyewe katika udongo uliogeuzwa, na mama wa nyumba atakasirika, kwa haki, ukivifyeka.

Mwisho, tazama mlangoni. Mbolea ya ng'ombe iliyo mbichi huleta mbegu, na miche inunuliwayo kandokando ya barabara mara nyingi huwa na mgeni katika mfuko wake. Ushike mmea mdogo wowote ufananao na nyasi, uuzungushe shina lake katikati ya vidole: likiwa na pembe tatu, yaelekea ni ndago. Mche huo usipandwe. Uukung'ute udongo wote juu ya gunia, uuoshe mizizi, na udongo ule uanikwe juani mbali na bustani.