Somo la Afya: Ugonjwa Tuuoneao Haya



Safari hii tunawaletea somo ambalo huenda wengine wakasema halifai kuchapwa katika gazeti la kanisa, maana ni habari ya choo. Twawaomba mtuvumilie na kusoma mpaka mwisho. Tunaandika kwa sababu tumeona jirani zetu wakiumia, na wengine tumewazika, si kwa kukosa dawa peke yake, bali kwa kuona haya.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya utumbo mpana, ambayo wengi huiita kansa ya utumbo. Si ugonjwa wa watu wachache. Mwaka 2020 watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa nao, na waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka ule walizidi 900,000. Zamani ilisemwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Siku hizi waganga katika hospitali zetu wanauona kwa wanaume na kwa wanawake, hata kwa watu ambao hawajafika miaka 50.

1. Utumbo mpana ni nini?

Chakula kikitoka tumboni hupita katika utumbo mwembamba, ambao ni mrefu sana. Humo mwili huchukua nguvu ya chakula. Mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake ni kunyonya maji na chumvi, hata yale mabaki yakawa mazito, yakashuka mpaka njia ya haja kubwa.

2. Ugonjwa huanzaje?

Mara nyingi huanza kwa kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, mfano wa uyoga kwenye gogo. Vinyama hivyo watu wengi wanavyo, na vilivyo vingi havileti madhara. Lakini baadhi hugeuka polepole kuwa saratani. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua miaka 10 hivi. Katika muda huo wote mtu hasikii maumivu. Analima, anacheka, anaimba kwaya, wala hajui.

Uvimbe ukiwa upande wa kulia, mahali ambapo utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, hukua bila kuziba njia. Huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho, na mtu huishiwa damu mwilini bila kujua sababu. Ukiwa upande wa kushoto, ambako njia ni nyembamba, choo hubadilika, na damu huonekana. Ukiachwa, hupenya ukuta wa utumbo, ukafika kwenye tezi, kisha hufuata mishipa ya damu mpaka kwenye ini, maana damu itokayo katika utumbo hupitia huko.

Hapo ndipo penye maana ya kuwahi. Huko Marekani, katika wagonjwa kumi waliogunduliwa uvimbe ukiwa bado ndani ya utumbo tu, kama tisa huwa hai baada ya miaka 5. Lakini waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kufika kwenye ini au viungo vingine vya mbali, hawafiki wawili katika kumi. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipasuliwa kwa saratani hiyo mwezi wa Julai 1985, akiwa na miaka 74. Uvimbe ulikuwa haujasambaa. Akaishi miaka mingine karibu 19, akafa mwaka 2004 akiwa na miaka 93. Lakini Chadwick Boseman, mchezaji wa sinema, aligunduliwa mwaka 2016 ugonjwa ukiwa umekwisha kusogea, akafa mwaka 2020 akiwa na miaka 43 tu.

3. Habari za mzee wetu

Yupo mzee mmoja wa mtaa wetu, mkulima wa machungwa, mwenye umri wa miaka 61. Ametupa ruhusa tusimulie habari zake, ila tusitaje jina.

Siku ya kwanza alipoona damu chooni ilikuwa wakati wa kuchuma machungwa. Akajiambia, "Hii ni bawasiri. Marehemu baba naye alikuwa nayo." Hakumwambia mtu. Akanunua dawa ya kupaka dukani. Damu ikakoma majuma mawili, ikarudi. Akapewa unga wa mizizi, akaunywa miezi mitatu.

Mkewe aliona madoa katika nguo alipokuwa akifua. Naye akanyamaza, maana alifikiri, "Mwenyewe akitaka ataniambia." Hivyo wakakaa nyumba moja karibu mwaka mzima, kila mmoja ana habari ile ile moyoni, wala hakuna aliyefumbua kinywa.

Mkanda wake uliongezwa tundu la kwanza, kisha la pili. Akawa anatweta akipanda kilima cha shambani kwake. Wengine wakasema ni uzee, wengine wakanong'ona kwamba karogwa. Na sisi tuandikao tulimwona akikonda, tukampa pole, tukapita. Kosa hilo ni letu.

Mwishowe mwanawe alimpeleka hospitali. Akapokewa na daktari kijana, binti wa umri wa wajukuu zake. "Shikamoo babu," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu." Binti akamwuliza maswali yote kwa adabu, kisha akamweleza kwamba hana budi kumpima kwa kidole katika njia ya haja kubwa. Mzee akasimama. "Mjukuu wangu," akasema, "jambo hilo siliwezi." Akachukua kofia yake akaenda zake.

Miezi minne baadaye alirudi amebebwa. Tumbo lilikuwa limevimba, na hakupata choo wala kutoa upepo. Usiku ule alipasuliwa, utumbo ukatolewa ubavuni ili choo kipate njia. Baadaye alipelekwa mjini, akapata tiba ya mionzi na dawa, ndipo akapasuliwa mara ya pili kuondoa uvimbe. Waganga walimwambia kwamba uvimbe ule ulikuwa chini, mahali ambapo kidole kingeufikia siku ile ya kwanza.

4. Dalili zitupasazo kuzijua

Yafaa kila mtu mzima azijue dalili hizi:

(a) Damu katika choo, iwe nyekundu au choo kiwe cheusi kama lami.
(b) Choo kubadilika kuliko desturi yako kwa majuma matatu au zaidi: kuharisha, kufunga choo, au kimoja baada ya kingine.
(c) Kusikia haja kila mara, na ukienda huoni kitu, au kuona kwamba choo hakijaisha.
(d) Maumivu ya tumbo yasiyokoma, au uvimbe unaoguswa tumboni.
(e) Kukonda bila sababu.
(f) Kuchoka na kutweta kwa upungufu wa damu, hasa kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi.

Hatusemi kwamba kila mwenye damu chooni ana saratani, la. Yaweza kuwa bawasiri, amiba, au kichocho cha tumbo. Tena wengi huonekana na hayo kuliko saratani. Lakini mtu hawezi kuyapambanua mwenyewe kwa kuchungulia chooni, wala muuza duka hawezi. Mtu aweza kuwa na bawasiri na saratani pamoja. Kwa hiyo neno letu ni moja: damu isifanyiwe dawa kabla ya kupimwa.

5. Vipimo

Kipimo cha kwanza ni kile cha kidole, alichokikimbia mzee wetu. Huchukua dakika chache, hakihitaji mashine, wala hakimvunjii mtu heshima. Ukiona haya mbele ya daktari wa kike au wa kiume, sema, uombe mwingine kama yupo. Lakini usiondoke bila kupimwa.

Cha pili ni kupima choo kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1993 waganga wa Minnesota, Marekani, walitoa habari ya uchunguzi wao wa miaka mingi: watu waliopimwa choo kila mwaka walipunguza vifo vya saratani hii kwa sehemu moja katika tatu. Huko Uingereza watu waliofika miaka 50 hupelekewa kifaa cha kipimo hicho nyumbani kwa posta, kila baada ya miaka 2. Huku kwetu hakuna mpango wa namna hiyo kwa watu wote. Basi macho yetu wenyewe, na ulimi wetu wa kusema, ndivyo vipimo vya kwanza.

Cha tatu ni mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaopitishwa katika njia ya haja kubwa ili daktari autazame utumbo wote. Jina lake ni kolonoskopi. Kabla yake mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, na wagonjwa wengi husema kwamba usiku ule wa kwenda chooni ni mgumu kuliko kipimo chenyewe. Daktari akiona kinyama, aweza kukikata papo hapo. Hivyo hutibu ugonjwa ambao bado haujawa ugonjwa.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii na amwambie daktari mapema, asingoje dalili. Mara nyingi hushauriwa kuanza kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, ule utakaotangulia.

6. Kujikinga

Daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland na Mkristo, alikuwa mpasuaji Uganda tangu mwaka 1946 mpaka miaka ya 1960. Aliona kwamba wanakijiji wa Afrika hawakupatwa sana na saratani hii, na kwamba choo chao kilikuwa kingi, laini, na hakikukawia tumboni kama cha Waingereza. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni makapi, yaani zile nyuzinyuzi za nafaka, mboga na matunda ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Yako mengine yanayohusika, lakini uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba makapi yana msaada.

Tunachekesha sisi. Dona tuliyorithi tumeiita chakula cha maskini, tukapenda sembe nyeupe. Maharage, kunde, mchicha, matembele na machungwa tumeyafanya ya pembeni. Hatuna budi kuyarudisha katikati ya sahani. Nyama nyekundu tule kwa kiasi. Nyama zilizotiwa dawa na chumvi ili zikae, kama soseji, tuzipunguze sana: mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walizitaja kuwa zaleta saratani ya utumbo. Pombe na tumbaku navyo vimo katika hesabu hiyo, pamoja na unene uliozidi na kukaa bila kufanya kazi ya mwili.

Hata hivyo tusimhukumu mgonjwa kwa sahani yake. Mzee wetu amekula dona na mchicha maisha yake yote. Kula vizuri hupunguza hatari, hakuiondoi.

7. Mwenye mfuko kati yetu

Mzee wetu sasa anapata choo kwa tundu lililo ubavuni, na juu yake amebandika mfuko. Atakuwa nao siku zote, ingawa wagonjwa wengine hufungwa tena baada ya miezi michache. Tundu lenyewe haliumi likiguswa, na huoshwa kwa maji ya kawaida. Shida ni ngozi kuchubuka, na mifuko kuwa ghali na adimu. Maharage, aliyoyapenda, sasa anayapima, maana yanajaza mfuko upepo.

Alipotoka hospitali hakuja kanisani kwa miezi mitano. Alituambia, "Naogopa mfuko utalia wakati wa sala, au utanuka, watu wageuke." Tulikaa naye tukazungumza. Sasa yuko, kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango, tena wazee wenzake wawili wamehamia kiti kile ili asikae peke yake. Mtume Paulo alifundisha kwamba viungo vya mwili tuvionavyo havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi. Ukisikia mlio, endelea kuimba.

Ni miaka miwili sasa. Waganga walikuta kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi za karibu, kwa hiyo anarudi kupimwa kila wapangapo, na kila safari hiyo mkewe hufuatana naye. Sasa wanaambiana yote.

Mwezi uliopita aliwaita watoto wake wanne, wake kwa waume, akawaeleza habari ya choo chake tangu siku ya kwanza, bila kuficha, ili nao wakapimwe. Alisema kwamba lilikuwa jambo gumu kuliko kisu. Tulipomwuliza tuandike nini kwa wasomaji, alijibu, "Andikeni tu kwamba niliona damu nikanyamaza."

Maswali ya kuzungumza nyumbani na vikundini

1. Je, katika nyumba yako mtu akiona damu chooni, atamwambia nani?
2. Mzee huyu alipata nafasi ngapi za kuwahi? Nani angeweza kumsaidia katika kila nafasi?
3. Je, kuna mtu mtaani kwenu anayekonda, nasi twampa pole tu?